Miaka saba kwenye saporti na bado nipo palepale, nirudi kusoma?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina miaka 34, nina diploma ya kompyuta na huu ni mwaka wa saba niko saporti ya IT, kuwasaidia wafanyakazi kompyuta zikisumbua, kampuni ileile. Vyeti vya kozi fupi ninavyo vitatu. Wawili waliokuja nyuma yangu wameshapandishwa, mimi naambiwa tu hongera kwa kazi nzuri. Nafikiria kuchukua masta. Jamaa mmoja anasema masta ni kupoteza muda niende kozi ya miezi mitatu ya saiba (usalama wa kompyuta), mwingine anasema siku hizi ni AI tu. Nina watoto wawili, muda wangu ni usiku. Nisome nini?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi kwanza: masta iache kwa sasa, hiyo kozi ya miezi mitatu iache, AI usiikimbie ila usiifanye ndo mpango wenyewe, na kusoma utasoma, tena sana tu, lakini sio kabla hujajua ni nini hasa kimekukwamisha. Manake nimeurudia ujumbe wako mara mbili, umetaja vitu vitatu vya kusoma na hujataja hata kazi moja unayoitaka. Yaani umefika stendi unauliza basi lipi lina viti vizuri.

Kabla hujalipia chochote nataka ufanye kitu kimoja. Fungua mfumo wa tiketi pale kazini, toa tiketi zako zote, yaani maombi ya msaada uliyoshughulikia, za miezi mitatu iliyopita, ziweke kwenye jedwali, afu pembeni ya kila moja andika neno moja tu: paswedi, printa, imeili, akaunti mpya, mtandao, seva, laptopu imekufa, basi. Ni kazi ya jioni mbili. Nimewahi kulifanya zoezi hili na vijana niliokuwa nawasimamia na wengi walishtuka wenyewe, mtu anajiona mchana kutwa hapumui kumbe karibu yote anayofanya ni mambo manne matano ambayo alishayaweza mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akayarudia, wa tatu akayarudia, akawa na spidi ya ajabu, na spidi ndo hiyo inayoletewa hongera.

Sasa jiweke kwenye kiti cha bosi wako. Kuna nafasi kwenye timu ya seva, wale wa kompyuta zinazoendesha mifumo ya kampuni, anaangalia majina. Jina lako anakuta linafunga tiketi nyingi kuliko wote na wafanyakazi wanalipenda. Akikutoa pale simu zitaanza kulia kwake yeye. Kwa hiyo anakuacha ulipo, anamchukua yule mwingine ambaye hana spidi yako ila mwezi uliopita alionekana anahangaika na swichi, kile kifaa cha kuunganisha mtandao. Inauma najua, na haina maana kwamba bosi ni mbaya, ndo hesabu ilivyo. Hapo utaona kwamba cheti cha nne hakigusi tatizo kabisa, hata masta haligusi.

Kuna kukwama kwa namna nyingine pia, sehemu ambayo juu yako hakuna kiti. Kampuni ina watu watatu wa IT na mkuu wao hana mpango wa kuondoka. Hapo hata usome mpaka udaktari wa falsafa, kiti hakitaota, dawa ni kuhama. Ila wewe umesema wawili wamepandishwa, kwa hiyo viti vipo.

Na kuna kukwama kwa kutojua kweli. Hii nitaikalia kidogo sababu yalinikuta mwenyewe na sijasahau.

Niliwahi kuchukua cheti cha Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kwa njia ya mkato. Kulikuwa na mafaili ya maswali yaliyovuja yanazunguka, nikayakariri wiki tatu, nikapasi, sivii ikapendeza, nikapata kazi. Mwezi wa pili kwenye hiyo kazi naamshwa saa nane usiku, mfumo wa oda umegoma, kila ukijaribu kuandika kitu seva inasema diski haina nafasi. Nikaingia, nikapiga df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, inaniambia diski imetumika asilimia 61. Nikaipiga tena, 61. Nikaizima seva nikaiwasha, kosa lilelile. Nimekaa pale kwenye ile skrini nyeusi kama nusu saa nafuta faili za logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) moja moja kama mtu anayepunguza maji ya bahari kwa kikombe, mpaka nikameza aibu nikampigia mwenzangu mmoja mkubwa kazini. Akapokea na sauti ya usingizi, hakuuliza hata habari, akasema "umepiga df -i?" Nikapiga. Asilimia 100. Kumbe diski haihesabu ukubwa tu, mifumo mingi ya faili ya Linux inahesabu na idadi ya faili, kila faili inachukua namba yake, namba zikiisha zimeisha hata kama nafasi imebaki tele. Kuna folda moja ilikuwa imejaa mamilioni ya vifaili vidogo vidogo ambavyo skripti (programu fupi) ya kuvifuta ilishakufa zamani na hakuna aliyejua. Na hata kuvifuta sikujua, nikaandika rm na nyota, amri ya kufuta vyote, ikanijibu orodha ni ndefu mno. Yeye ndo akaniambia nitumie find, amri ya kutafuta faili na kuzifuta.

Swali la df -i nadhani lilikuwemo kwenye yale niliyokariri. Na nililipata.

Ndo maana nikiulizwa "nisome nini" mimi huwa naanza na "utakuwa unasomaje". Mafunzo yanayokutoa mahali ni yale yanayokulazimisha ufanye kitu kikukatalie. Sasa ukitaka cheti, na vyeti sivipingi hata kidogo, angalia mtihani wenyewe ukoje. RHCSA wa Red Hat, kampuni ya Linux, hauna maswali ya kuchagua, unapewa mashine unaambiwa itengeneze iwe hivi na hivi, ukimaliza wanaiwasha upya na kazi yako isipokuwepo baada ya kuwaka huna maksi. CKA wa Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi kwa pamoja, ni masaa mawili ya kufanya kazi kwenye klasta (kundi la mashine) halisi. OSCP wa watu wa kujaribu kuvunja mifumo ni karibu masaa 24 ya kushambulia mashine afu masaa mengine 24 ya kuandika ripoti. Hii mitihani huwezi kuipasi kwa kukariri, na wanaoajiri wanaojua kazi wanalijua hilo. CCNA ya Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mtandao, sehemu kubwa ni maswali, ila bado ina heshima yake sababu inakufundisha mtandao kuanzia chini, tangu Februari 2020 waliurudisha kuwa mtihani mmoja badala ya kugawanyika njia nyingi nyingi. Vya AWS, klaudi ya Amazon (seva za kukodi kwa intaneti), ni vya kuchagua majibu, ule wa Solutions Architect Associate ni maswali 65 dakika 130 na unahitaji 720 kati ya 1000. Ni sawa kuwa nacho, ila usikitegemee peke yake.

Tena vyeti vinaoza. CCNA na RHCSA na vya AWS ni miaka mitatu, CKA siku hizi ni miwili, vya Microsoft vya ngazi ya associate ni mwaka mmoja ingawa kuhuisha ni bure na unafanyia mtandaoni. Kwa hiyo hivyo vitatu vyako hebu angalia tarehe, isije ikawa umebeba karatasi. Na usiongeze cha ngazi ileile. Mtu wa miaka saba kwenye saporti akichukua A+ ya CompTIA, cheti cha wanaoanza saporti, leo atakuwa anajithibitishia kitu ambacho kila mtu anakijua.

Turudi kwenye masta. Umesema una diploma. Je, digrii ya kwanza unayo? Hujaitaja, na vyuo vingi masta hawakupokei bila digrii, kwa hiyo inawezekana hiyo masta unayoiota ni miaka ya digrii kwanza ndo ifuate yenyewe, kwa mtu anayesoma usiku na watoto wawili hapo tunaongelea muda mrefu sana. Digrii sio kitu cha kudharau, kuna waajiri wanachuja kwa digrii kabla hawajasoma mstari wa pili wa sivii, na kuna ngazi za umeneja ambazo bila hiyo mlango haufunguki. Kama matangazo ya kazi unayoitaka yanasema digrii ni lazima, basi tafuta chuo kinachokubali kuhesabu masomo ya diploma yako ili usianze sifuri, na kabla ya kujaza fomu hakikisha kimesajiliwa na mamlaka inayotambulika, manake vyuo hewa vya mtandaoni vipo na vina tovuti nzuri kuliko vyuo vya kweli. Masta yenyewe ina maana ukitaka kufundisha chuo, kufanya utafiti, au kuingia kwenye ile AI ya hisabati ya kutengeneza modeli. Na siku hizi sio lazima uache kazi, Georgia Tech ya Marekani wanatoa masta ya sayansi ya kompyuta yote kwa intaneti tangu 2014. Ila hayo ni ya baadaye.

Saiba sasa. Rafiki yako hajakosea njia, amekosea mlango. Kazi ya usalama ni kulinda mitandao, seva na akaunti, sasa mtu asiyejua pakiti (kipande cha data) inatokaje kwenye mashine hii mpaka ile atalinda nini? Ona CISSP, ambacho ndo cheti kikubwa cha watu wa usalama, wanataka miaka mitano ya kazi ya kulipwa kwenye angalau maeneo mawili kati ya manane yao, digrii inakupunguzia mwaka mmoja tu, na ukipasi mtihani bila huo uzoefu wanakuita associate wanakupa miaka sita uutafute. Miezi mitatu inatoka wapi hapo? Lakini, na hili hujalifikiria, wewe tayari unafanya kazi ya usalama kila siku. Nani anapokea imeili za utapeli wafanyakazi wakizibofya? Nani anafuta akaunti mtu akiacha kazi? Nani anajua ni idara gani wanaandika paswedi kwenye karatasi wanabandika kwenye skrini? Ukizitenga tiketi za namna hiyo kwenye lile jedwali utapata kitu cha kuongelea intavyuu ambacho mtu wa miezi mitatu hana.

Kuhusu AI, ndio, kazi za paswedi na maswali ya kujirudia ndo za kwanza kupelekewa mashine, na hiyo ni sababu ya kutoka hapo ulipo. Itumie kama mwalimu wa usiku, iulize kwa nini, iambie ikuwekee seva iliyoharibika kwa maneno uitibu, ikukague skripti uliyoandika. Ila ukiiachia ikuandikie kila kitu utarudi kwenye yaleyale yangu ya maswali ya kuvuja, unapasi na huelewi.

Sasa utachaguaje? Chukua matangazo ya kazi ishirini ya ile ngazi moja tu juu yako, kama mtu wa mifumo au mtu wa mtandao au klaudi, sio ngazi tatu juu, na hesabu maneno yanayojirudia. Nakubashiria utakutana na Linux, mtandao, skripti za Bash au Python au PowerShell (lugha za kuandikia amri), moja ya klaudi kubwa, na bekapu. Utagundua pia kwamba vingi kati ya hivyo ni vya zamani. TCP/IP, kanuni ambazo intaneti inatumia kusafirisha data, ilianza kutumika rasmi ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tarehe 1 Januari 1983, Linux ni ya 1991, SQL, lugha ya hifadhidata, mizizi yake ni miaka ya 70, na wote bado wanalisha watu. Upande wa pili kuna waliowekeza miaka yao yote kwenye Flash, teknolojia ya michezo na video za tovuti, Adobe wakaacha kuihudumia mwisho wa 2020 na vivinjari vikaifungia. Sikwambii usijifunze vitu vipya, Docker ya 2013, ya kufungasha programu, na Kubernetes ya 2014 zilikuwa mpya na leo zimejaa kwenye matangazo, nakwambia uanze na kile ambacho vipya vimesimama juu yake, klaudi ukiifunua ndani ni Linux na mtandao mpaka kesho.

Kwa hali yako ningechukua Linux na mtandao miezi sita, na cheti kimoja mwishoni, RHCSA au CCNA kutegemea jedwali lako linaegemea wapi. Kimoja tu. Kozi ya kulipia sio lazima, MIT walitangaza 2001 kuweka masomo yao wazi bure na tangu hapo vitu vizuri vya bure havijaisha, kinachokosekana kwa wengi ni mazoezi. Tafuta laptopu ya zamani, weka VirtualBox, programu ya kutengeneza kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta, tengeneza mashine mbili tatu, afu ziharibu. Jaza diski makusudi. Futa mstari kwenye fstab, faili la kuambia mashine ifungue diski zipi ikiwaka, uone kama itawaka. Poteza paswedi ya root, yule mtumiaji mkuu, uirudishe. Chukua bekapu, futa kila kitu, jaribu kurudisha, hapo ndo utajua kama ilikuwa bekapu kweli ama faili tu la kujipa moyo. Kila ukirekebisha andika mistari mitano: nini kilitokea, nilidhani nini, kumbe nini, nilifanyaje, nitazuiaje. Miezi sita ya hayo maandishi ni mzigo mkubwa kwenye intavyuu kuliko unavyodhani.

Na usisome kwa kurudia kusoma. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha majaribio yao, wanafunzi waliorudia kusoma waliwashinda wenzao wakiulizwa baada ya dakika tano, wakiulizwa baada ya wiki wale waliojipima kwa kukumbuka ndo walikuwa wamebaki na vingi zaidi. Kwa hiyo usiku ukifungua somo, funga kwanza la jana, chukua karatasi andika unachokumbuka, afu ndo uendelee. Saa moja, siku nne kwa wiki, watoto wakilala. Usiniahidi masaa manne kila siku, hayo huwa yanadumu wiki moja na baada ya hapo mtu anaanza kujichukia.

Kilichobaki ni bosi, na hapa ndo wengi wanaharibu. Usiende kumwambia "nataka kupandishwa", utapewa hongera nyingine. Mwombe kazi. Mwandikie kitu kama hiki: "Jumamosi timu ya seva wana matengenezo, naomba nikae nao niangalie, na mwezi ujao naomba nipewe jukumu la kujaribu kurudisha bekapu ya seva moja na kuandika ripoti." Ni vigumu kukataa ombi kama hilo, na tayari umeshaanza kuonekana sehemu nyingine. Wakati huohuo mtatulie tatizo lake la kukutoa ulipo, zile tiketi nne tano zinazojirudia ziandikie maelekezo, mfundishe mdogo mmoja, kama inawezekana wafanyakazi wabadilishe paswedi wenyewe. Najua kuna moyo wa kusema nikiwapa ujuzi wangu watanitupa. Kwa miaka saba hakuna aliyekugusa na ndo unalolalamikia, sijui kama nimeeleweka.

Ikifika miezi tisa, kumi, una cheti kimoja cha kufanya kwa mikono, una maandishi yako, umeshashika seva za watu na bado hakuna kinachosogea pale, basi sivii itoke nje. Na mstari wa kwanza kwenye hiyo sivii usiwe "mtu wa saporti miaka saba".

Miaka 34 usiihesabu, hakuna anayekuuliza hiyo ukiwa umejua kusoma logi.

Jedwali la tiketi ukilimaliza nitumie, toa majina ya watu na ya kampuni. Nitaangalia kwanza zile za seva na mtandao, hata zikiwa tatu tu, na uniambie kila moja uliifunga mwenyewe au uliipeleka juu.